Bidoni, Orodha na Njia: Historia ya Kambi Chini ya Nyiragongo

Kipindi cha historia. Maandishi kamili kwa wasomaji na kwa vikundi vya kusikiliza redio.

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

SAUTI YA 1: Tunakusalimu wewe uliye Nkamira, hapa katika sekta ya Kanzenze, wilaya ya Rubavu. Tunawasalimu walio Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa na Nyabiheke, pamoja na ndugu zetu walio Nakivale kule Uganda. Kama redio haikushika na unasoma karatasi hii, salamu hizi ni zako pia. Yote yaliyosemwa hewani yameandikwa humu.

SAUTI YA 2: Neno moja kabla hatujaanza. Leo tunazungumza juu ya vifo vingi, na baadhi yake vilitokea karibu na hapa. Kama moyo wako una jeraha la zamani, usisikilize peke yako. Keti na mtu unayemwamini. Ukiona huwezi kuendelea, zima redio au kunja karatasi, urudi siku nyingine. Historia haitakimbia.

(Muziki mfupi.)

SAUTI YA 1: Neno "kambi" tunalitamka mara nyingi kwa siku bila kulifikiri. Kuna kambi ya jeshi, kambi ya wafungwa, kambi ya kazi, kambi ya wakimbizi. Wewe unaishi katika mojawapo, au umewahi kuishi. Swali letu la leo ni hili: ni kitu gani kinachoifanya kambi iokoe watu, na ni kitu gani kinachoifanya iwaue?

Wengi watajibu haraka kwamba ni seng'enge. Penye seng'enge na askari mlangoni ni jela, pasipo na seng'enge ni kimbilio. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Historia ya Afrika Mashariki inatuonyesha kambi zenye seng'enge zilizoua, na kambi zisizo na seng'enge hata kidogo zilizoua watu wengi zaidi. Tuanze na zile za kwanza.

KAMBI ZA KUFUNGIA: KENYA, 1952 HADI 1960

SAUTI YA 2: Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana wa Kenya, Evelyn Baring, alitangaza hali ya hatari. Waingereza walikuwa wakipigana na wapiganaji wa Mau Mau waliodai ardhi na uhuru. Vita hivyo havikupiganwa msituni tu. Vilipiganwa pia kwa kuwakusanya raia na kuwafungia.

Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, yakakagua mtaa kwa mtaa. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipakiwa kwenye magari na treni. Wengi walipelekwa Manyani, katika nyika kavu ya Tsavo kando ya reli ya Mombasa. Kwa muda mfupi Manyani ilijaa watu zaidi ya 10,000. Mwaka huohuo homa ya matumbo ikazuka ndani ya kambi na kuua. Ndugu msikilizaji, homa hiyo huja na maji machafu na vyoo vibovu. Risasi haikuhitajika.

Serikali ya kikoloni yenyewe ilihesabu watu wapatao 80,000 waliozuiliwa katika miaka ile, na wako wanahistoria wanaosema walikuwa wengi zaidi. Hao hawakuwa wafungwa waliohukumiwa mahakamani. Walizuiliwa kwa amri tu, wakapangwa kwa rangi: weupe, wa kijivu, weusi. Mweupe aliweza kurudi nyumbani. Mweusi alihamishwa kutoka kambi hadi kambi mpaka akiri kiapo chake. Wakati huohuo, watu zaidi ya milioni moja waliosalia mashambani walilazimishwa kuhamia vijiji vipya vilivyozungushiwa mahandaki, chini ya ulinzi na amri ya kutotoka.

SAUTI YA 1: Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa waliokataa kufanya kazi ya kuchimba mfereji walipigwa kwa marungu na walinzi. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha vipigo. Jambo hilo lilifika bungeni London, likazua aibu kubwa, na katika miezi iliyofuata mfumo ule wa kambi ukaanza kubomolewa. Hali ya hatari iliisha rasmi Januari 1960.

Wazee waliopona walisubiri miaka zaidi ya 50. Mwaka 2013, baada ya kesi iliyofunguliwa London na Wakenya wachache wazee, serikali ya Uingereza ilisema inajuta na ikakubali kuwalipa watu zaidi ya 5,200 jumla ya pauni milioni 19.9. Kesi ilisaidiwa sana na makaratasi: mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Uingereza yakajitokeza mwaka 2011.

Tuyaweke hayo akilini. Katika kambi za Kenya, mwenye kambi alijulikana. Alikuwa na sare, mhuri na funguo. Aliyekuwa ndani alijua adui yake ni nani. Sasa turudi kwetu, mahali ambapo mambo hayakuwa wazi hivyo.

(Muziki mfupi.)

GOMA, JULAI 1994

SAUTI YA 2: Kuanzia Aprili hadi Julai 1994, Rwanda ilipitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wahutu waliopinga mauaji hayo nao waliuawa. Vita vilipokaribia kwisha, serikali iliyoendesha mauaji ilikimbilia Gisenyi, na nyuma yake likaja wimbi la watu. Wapo waliokimbia kwa hofu ya vita. Wapo waliolazimishwa kuondoka na viongozi wao. Na wapo waliokuwa na damu mikononi. Wote walipita barabara moja.

Katika siku tano hivi, kuanzia tarehe 14 Julai, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Gisenyi na kuingia Goma. Katika msongamano wa mpakani watu walikanyagwa wakafa. Mji wa Goma ulijaa mpaka mtu hakuweza kulala bila kumgusa jirani. Kisha watu wakasukumwa nje ya mji: Munigi, Kibumba na Katale upande wa kaskazini, Mugunga upande wa magharibi.

SAUTI YA 1: Wewe uliyetembea njia za Goma unaijua ardhi ile. Ni mawe meusi ya volkano, makali, yaliyomwagwa na Nyiragongo na Nyamulagira. Jembe halipiti. Kuchimba choo ni kazi ya mashine. Kuchimba kaburi vilevile. Maji ya mvua huzama papo hapo kati ya mawe, hivyo Kibumba hapakuwa na mto wala kisima. Aliyekuwa Mugunga alichota ziwa Kivu, ziwa lilelile ambalo maelfu walioga na kujisaidia kando yake.

Katika wiki ya kwanza, maji safi yaliyogawiwa hayakufika hata lita moja kwa mtu kwa siku. Fikiria bidoni yako ya lita 20. Ingepaswa kutosha watu zaidi ya 20, kunywa, kupika na kumwosha mtoto.

Tarehe 20 Julai kipindupindu kilithibitishwa. Siku sita hivi baadaye kilifika kileleni. Kipindupindu ni ugonjwa ambao hauna haja ya kuua. Mgonjwa akirudishiwa maji na chumvi mapema, kati ya wagonjwa 100 hafi hata mmoja. Goma, katika vituo vingine siku za mwanzo, alikufa zaidi ya mmoja kati ya watano. Dawa zilichelewa, wauguzi walikuwa wachache, na wengi walifia njiani kabla ya kufika kwenye hema la tiba. Baada ya kipindupindu kukaja kuhara damu, ambako vidonge vya kawaida havikukuweza.

SAUTI YA 2: Kati ya tarehe 14 Julai na 14 Agosti 1994, maiti zaidi ya 48,000 ziliokotwa kandokando ya barabara na kambini. Ziliviringishwa kwenye mikeka na mablanketi, zikapangwa njiani zisubiri lori. Wanajeshi wa Ufaransa walitumia tingatinga kufukua mashimo katika mawe. Madaktari walipopiga hesabu baadaye, waliona kwamba karibu vifo tisa kati ya kumi vilitokana na magonjwa ya kuhara. Kambi ile haikuwa na seng'enge. Mtu angeweza kutembea upande wowote. Lakini bila maji, uhuru wa kutembea ulimfikisha kaburini tu.

Hiyo ndiyo alama yetu ya kwanza: bidoni. Ukitaka kujua kama kambi itaokoa watu, usianze kwa kuuliza uzio uko wapi. Uliza maji yanatoka wapi, ni lita ngapi kwa mtu, na vyoo viko umbali gani nayo.

(Muziki mfupi.)

ORODHA

SAUTI YA 1: Ilipofika mwishoni mwa Agosti, maji yalikuwa yameongezeka na vifo vimepungua sana. Hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipoonekana. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Wakimbizi walikuwa wamepangwa kambini kwa komini walizotoka, chini ya viongozi walewale. Mashirika yalikuwa machache na watu ni wengi, kwa hiyo unga na maharagwe yalikabidhiwa viongozi hao ili wagawe. Wao ndio walioshika orodha. Aliyeshika orodha alimshika mwenye njaa.

Madaktari waliopima watoto Agosti ile waligundua jambo la kutisha. Katika familia zinazoongozwa na mwanamke peke yake, watoto walikonda zaidi kuliko katika familia zenye mwanamume mtu mzima. Chakula kilifika kambini, lakini hakikufika kwa kila sufuria. Mjane hakuwa na mtu wa kumpigania mbele ya mgawaji. Wakati huohuo, viongozi waliongeza majina hewa ili wapate mgao mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1995 HCR ilipohesabu watu upya, idadi ilishuka kwa makumi ya maelfu.

SAUTI YA 2: Ndani ya kambi hizohizo walikuwemo askari wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe. Walifanya mazoezi, walikusanya ushuru, na walivuka mpaka usiku kwenda kuua Rwanda, wakiwemo mashahidi wa mauaji ya kimbari. Mkimbizi aliyesema waziwazi kwamba anataka kurudi nyumbani aliitwa msaliti. Wapo waliopigwa, na wapo waliouawa kwa kusema hivyo.

Angalia basi, ndugu msikilizaji. Hapakuwa na seng'enge, lakini watu hawakuweza kuondoka. Palikuwa na chakula, lakini kilipita mikononi mwa wenye silaha. Mtu wa Manyani alimjua mlinzi wake kwa sare. Mtu wa Kibumba alilala jirani na mlinzi wake, akamwita ndugu, na hakuthubutu kumtaja kwa mgeni wa shirika.

Mashirika ya misaada yaliingia katika mtihani mgumu. Ukitoa chakula, sehemu yake inawalisha wauaji. Usipotoa, watoto wanakufa. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua mwezi Novemba 1994 kuondoka. Wengine walibaki, wakisema hawawezi kuwaacha wagonjwa. Sadako Ogata, aliyekuwa mkuu wa HCR, aliomba dunia ilete jeshi la kuwatenga wenye silaha na raia. Dunia haikuleta. Mwishoni HCR ilikubaliana na Zaire, ikawalipa askari wa Zaire wapatao 1,500 walinde usalama kambini. Fujo zilipungua, lakini wauaji hawakutengwa.

SAUTI YA 1: Mwisho wa kambi zile unajulikana. Oktoba na Novemba 1996 vita viliingia Kivu na kambi zikashambuliwa moja baada ya nyingine. Watu walirundikana Mugunga. Kuanzia tarehe 15 Novemba 1996, karibu nusu milioni ya Wanyarwanda walirudi kwa miguu kupitia Gisenyi, katika siku chache tu. Barabara inayopita hapa ilijaa watu kutoka ukingo hadi ukingo, na bidoni zao za njano kichwani. Wengine, kwa maelfu, walielekea magharibi msituni, na huko Tingi-Tingi na njiani kuelekea Kisangani wengi walikufa kwa njaa, magonjwa na kuuawa. Wapo waliokuwa wauaji. Wapo waliokuwa watoto wa kunyonya. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Hiyo ni alama ya pili: orodha. Nani anaandika majina? Nani anashika kadi ya mama mjane? Na je, mtu akisema jambo lisilompendeza kiongozi wa kijiji cha kambi, mgao wake bado uko salama?

(Muziki mfupi.)

MUDENDE, 1997

SAUTI YA 2: Sasa tusogee karibu zaidi. Ukiwa Kanzenze, Mudende si mbali. Wenyeji wanaikumbuka kwa chuo kikuu cha Waadventista kilichofunguliwa mwaka 1984. Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia katika chuo hicho waliuawa humo. Miaka miwili baadaye, Mudende hiyohiyo ilipokea wakimbizi.

Hawa walitoka Kongo. Mwaka 1996, Watutsi wa Masisi na Rutshuru walikuwa wakiwindwa na wanamgambo, wakiwemo wale waliotoka katika kambi za Goma. Walivuka mpaka kuja Rwanda, wengi wakiwa wameacha ng'ombe, mashamba na maiti za jamaa zao. Walijengewa kambi Mudende. Palikuwa na turubai, maji na mgao. Kwa kipimo cha bidoni na cha orodha, Mudende ilikuwa mbele ya Kibumba. Kilichokosekana ni umbali. Mpaka ulikuwa saa chache tu kwa miguu, na katika milima ile waasi waliorudi kutoka Kongo walikuwa wakipigana na jeshi la Rwanda. Mwaka 1997 na 1998 kaskazini-magharibi yote ilikuwa uwanja wa vita. Raia wa pande zote waliuawa, wengine na waasi, wengine katika operesheni za jeshi.

SAUTI YA 1: Usiku mmoja wa Agosti 1997 waasi waliivamia kambi ya Mudende. Waliwaua wakimbizi zaidi ya 100 kwa bunduki, mapanga na marungu. Waliobaki waliwazika ndugu zao. Lakini kambi haikuhamishwa. Septemba ikapita, Oktoba ikapita, Novemba ikapita.

Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Desemba 1997, waasi walirudi. Safari hii walikuja kwa mamia. Walichoma makazi na kuwaua waliojaribu kutoka. Hesabu zilizotolewa wakati ule zilitofautiana, kuanzia zaidi ya 200 hadi zaidi ya 300. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Waliokatwa mapanga walipelekwa hospitali ya Gisenyi.

SAUTI YA 2: Baada ya Desemba ndipo kambi ilipohamishwa. Waliopona walipelekwa mbali na mpaka wa Kongo, kwenye kilima cha Gihembe huko Byumba. Waliishi pale zaidi ya miaka 20. Watoto waliobebwa mgongoni kutoka Mudende walisoma Gihembe, wakaoa na kuolewa Gihembe, wakazaa Gihembe. Mwaka 2021 kambi ya Gihembe nayo ilifungwa kwa sababu kilima kilikuwa kikimomonyoka, na watu wakahamishiwa Mahama. Kwa hiyo, wewe uliye Mahama, huenda jirani yako anayechota maji pamoja nawe kila asubuhi ni mtu aliyepona usiku ule. Kama anataka kusimulia, msikilize. Kama hataki, usimlazimishe.

SAUTI YA 1: Miezi mitatu na nusu ilipita kati ya shambulio la kwanza na la pili. Katika muda huo, kila mtu alijua kwamba wauaji wanaifahamu njia. Hapo hatuwezi kusema "hatukujua".

Jambo hili halikuwa geni katika sheria. Tarehe 10 Septemba 1969, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha mjini Addis Ababa mkataba wa Afrika kuhusu wakimbizi. Kifungu cha 2 kinasema kwamba, kwa ajili ya usalama, nchi inayopokea wakimbizi iwaweke, kadiri inavyowezekana, umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi waliyoikimbia. Kifungu cha 3 kinakataza mkimbizi kushambulia nchi nyingine kutoka alipokimbilia. Vifungu hivyo viwili vilivunjwa huku na huku chini ya volkano moja. Kule Goma, kambi zilikaa karibu na mpaka zikatumika kushambulia. Hapa Mudende, kambi ilikaa karibu na mpaka ikashambuliwa.

Hiyo ndiyo alama ya tatu: njia. Njia ya kuingia kambini, nani anaipita usiku? Na njia ya kutoka, nani anaifunga?

(Muziki mfupi.)

WALIOKUFA WALITUACHIA NINI?

SAUTI YA 2: Baada ya Goma, nchi na mashirika yaliyotoa misaada yalifanya uchunguzi wa pamoja. Matokeo yalitolewa mwaka 1996. Yalisema wazi kwamba watu walikufa bila sababu kwa kukosekana kwa kazi iliyopangwa vizuri na viwango vinavyojulikana. Mwaka 1997 mashirika mengi yakaungana kuandika viwango hivyo, vinavyoitwa Sphere.

Sphere inasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Inasema bomba lisiwe mbali zaidi ya mita 500 na makazi, na choo kimoja kitumiwe na watu wasiozidi 20. Ukisikia mfanyakazi wa maji akitaja namba hizo kambini kwako, jua kwamba hakuzitoa hewani. Nyuma yake kuna watu waliolala kwenye mikeka kando ya barabara ya Kibumba.

SAUTI YA 1: Ugawaji nao ulibadilika. Leo, katika kambi nyingi, kila familia ina kadi yake, na mwanamke anaandikishwa kwa jina lake mwenyewe. Wapo wanaolalamika kwamba kupanga foleni na kuweka kidole kwenye mashine ni usumbufu. Ni kweli, jua ni kali na foleni ni ndefu. Lakini kidole chako kwenye mashine ndicho kinachomzuia mtu mwingine kula kwa jina lako.

Na Nkamira yenyewe? Nkamira ni kituo cha kupitia. Ilipokea Wakongo waliokimbia vita mwaka 2012, na tena kuanzia mwisho wa mwaka 2022. Watu wakiambiwa wajiandae kuhamishiwa kambi za mbali, wengine huhuzunika. Wanauliza: kwa nini mnatupeleka mbali na nyumbani, wakati kutoka hapa tunaiona milima ya kwetu? Huzuni hiyo ina haki yake. Mtu hupenda kukaa mahali anapoweza kusikia habari za ng'ombe wake. Lakini sasa unajua kwa nini sheria inataka umbali. Jibu la swali hilo limezikwa Mudende.

Hii haina maana kwamba kila uhamisho ni sawa. Una haki ya kuelezwa unakwenda wapi, lini, na kwa nini. Familia isitenganishwe. Mgonjwa na mjamzito wapewe usafiri unaowafaa. Na kurudi nchini kwako, mkataba uleule wa mwaka 1969 unasema katika kifungu cha 5 kwamba ni kwa hiari yako. Hakuna wa kukurudisha kwa nguvu, wala wa kukuzuia kwa nguvu ukiamua kurudi.

SAUTI YA 2: Tuliuliza mwanzoni ni nini kinachoifanya kambi iue. Manyani palikuwa na seng'enge, Kibumba hapakuwa nayo, Mudende hapakuwa nayo. Kote watu walikufa. Mahali pote patatu, watu walio ndani walikuwa wamenyang'anywa sauti juu ya maji, juu ya majina yao, au juu ya njia. Ndiyo maana mkutano wa kamati ya maji si jambo dogo. Ndiyo maana mama anayesimama na kusema "jina langu limerukwa" hafanyi fujo. Ndiyo maana kijana anayekataa kuficha silaha ya mtu ndani ya nyumba yake anawalinda watoto wa mtaa mzima.

JAMBO LA KUFANYA LEO

SAUTI YA 1: Kabla hatujaagana, somo moja la Goma ambalo kila nyumba inaweza kulitumia. Mtu akianza kuhara maji mengi, usisubiri. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo kila baada ya choo, huku mkimpeleka kituo cha afya. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Chumvi isizidi, ikizidi inadhuru.

MASWALI YA KIKUNDI

SAUTI YA 2: Kaeni kwenye duara. Mmoja asome swali, kila anayetaka aseme, na asiyetaka asilazimishwe. Msitaje majina ya watu mnaowashuku. Mambo hayo yapelekwe kwa wahusika wa ulinzi kwa faragha.

1. Katika mtaa wenu wa kambi, mtu mmoja anapata lita ngapi za maji kwa siku? Mmepimaje?

2. Mjane au mtoto anayeishi bila wazazi akikosa mgao, anakwenda kwa nani? Je, anajua njia ya kufika huko?

3. Kati ya umbali wa usalama na hamu ya kukaa karibu na nyumbani, familia yako imechagua nini, na kwa sababu gani?

4. Wazee wa Kenya walisubiri zaidi ya miaka 50, makaratasi yakawasaidia. Ni habari gani za safari yenu mngependa ziandikwe sasa, wakati wanaozijua bado wapo?

SAUTI YA 1: Mkimaliza, msiondoke kimyakimya. Imbeni wimbo mmoja, au ombeni kila mtu kwa imani yake, au semeni tu usiku mwema. Kwa waliokufa Manyani na Hola, Goma na Tingi-Tingi, na kwa waliouawa Mudende, tunanyamaza kidogo.

(Kimya kwa nusu dakika.)

SAUTI YA 2: Mpe jirani karatasi hii. Tukutane wiki ijayo, saa ileile.

(Muziki wa kufunga.)